Kamba ya Gari la Handakini

Ofisi iliniomba ripoti ya makabidhiano isiyozidi kurasa mbili. Nimeiandika, imepigwa mhuri, imeingia kwenye faili. Haya ninayoandika hapa ni yale yaliyokataa kukaa ndani ya kurasa mbili. Nawaandikia Kwandu na mwenzake, walioanza juzijuzi kushika rimoti ya lile gari dogo, pamoja na yeyote atakayeishika baada yao.

Najua kwamba mtu wa miaka thelathini na mbili akisema amestaafu anachekwa. Mzee Nkwabi, ambaye alistaafu kweli, kwa mvi na sherehe ya kuagwa, aliniambia kwamba mimi sistaafu, nimechoka tu kukaa mahali pamoja. Labda. Naondoka kwa sababu baba yangu kule Lingeka, Meatu, macho yake yamefifia, na ng'ombe hawachungwi kwa simu. Lakini miaka saba niliyokaa kwenye jineri hii, kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwangu inatosha kuitwa maisha ya kazi.

Siku ya kwanza nilifika na vyeti vyangu vya chuo kikuu ndani ya bahasha ya kaki, shahada ya uhandisi wa elektroniki. Nilitegemea kupelekwa kwenye mitambo. Nilipelekwa ghala la mbegu, kwa msimamizi aliyeitwa Mzee Nkwabi. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Nikajibu, nikataka tuanze kazi. Hakuanza. Aliuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua ya Meatu, za mifugo, za safari. Kisha akasogea kwa aliyefuata, akaanza upya. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nilitazama saa yangu muda wote.

Wiki hiyo hiyo nilimwandikia pendekezo kwamba salamu za asubuhi zifupishwe. Alisoma karatasi yangu mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni. Ilinichukua msimu mzima kugundua kwamba alikuwa hasalimii tu. Alikuwa anasikiliza vifua. Aliyejibu kwa sauti ya mafua, au kwa pumzi fupi, au kwa harufu ya pombe ya jana, siku hiyo hakuingia handakini. Hakumwambia kwa nini. Alimpa ufagio.

Kwa ambaye hajawahi kufika: pamba ikishachambuliwa, mbegu hupelekwa ghalani na kurundikwa hadi karibu na paa. Chini ya sakafu ya ghala kuna handaki la zege, urefu wake hatua arobaini, nalo ni la kutambaa tu, mtu hawezi kusimama. Mbegu hushuka kupitia matundu ya sakafu, zikaangukia kwenye mtaro wenye parafujo ndefu inayozisukuma nje kuelekea kwenye malori. Zikiwa kavu, kazi inakwenda. Zikiwa na unyevu hupata joto zenyewe, zikashikana kama ugali uliolala, zikaziba matundu. Hapo ilikuwa lazima mtu aingie na nondo kuzizibua. Na mbegu zenye joto hula hewa. Handaki linaweza kukosa moshi, likakosa harufu, na bado mtu akalala mle asiamke.

Aliyekuwa akiingia ni Maduhu, mtu wa Sapiwi, mwembamba, mkimya, ambaye mzaha wake ulikuwa hautanguliwi na tabasamu. Kabla ya kuingia alivua gambuti zake kwa sababu zilijaa mbegu, akazipanga mlangoni, mguu wa kulia kulia, wa kushoto kushoto. Kiunoni alifungwa kamba ya katani na ncha ya pili ilishikwa na Mzee Nkwabi. Ikivutwa mara moja, nipo salama. Mara mbili, nitoeni. Ikikaa kimya, nitoeni pia. Fundo lilikuwa lile la kufungia ndama, ambalo halikazi likamuumiza mnyama wala halifunguki kwa kuvutwa. Maduhu alilifunga mwenyewe bila kulitazama, huku akizungumza mambo mengine.

Gari lilikuja mwanzoni mwa msimu wangu wa pili. Meneja alikuwa ameona mahali fulani gari la kuchezea la kupanda milima, linaloendeshwa kwa rimoti, akaniuliza kama linaweza kubeba kamera na kipimajoto. Nikasema linaweza. Sikuwa na uhakika, ila nilikuwa nimechoka kumtazama Maduhu akitambaa. Lilifika kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya boksi lenye picha ya mwamba mwekundu. Urefu wake ulikuwa kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Kuanzia siku hiyo vijana wa kupakia waliniita injinia wa midoli.

Sasa sikilizeni kuhusu gari lenyewe, maana hili ndilo mtakaloishi nalo.

Lilivyotoka kwenye boksi halikufaa kitu. Lilikuwa na kasi nyingi na nguvu kidogo, na gari la handakini linataka kinyume chake. Nilibadilisha gia ndogo ya mota nikaweka yenye meno machache, likatembea kwa mwendo wa kinyonga lakini likapanda rundo la mbegu bila kuguna. Mota ya kwanza ilikuwa ya brashi. Niliifungua gizani, nikaiwasha, nikaona cheche za buluu zikiruka ndani yake, nikawaza vumbi la pamba lilivyo jepesi kushika moto. Siku hiyo hiyo niliandika kuomba mota isiyo na brashi, na gari halikugusa handaki mpaka ilipofika. Msiirudishe ile ya zamani hata kwa siku moja, hata akiomba nani. Nimeivunja kwa nyundo ili kuwapunguzia kishawishi.

Matairi nilikosea. Nilifuata ushauri wa watu wa kwenye mtandao, nikaagiza mapana yenye meno makubwa. Nililijaribu gari kwanza kwenye udongo mweusi wa mbuga nyuma ya jineri, baada ya mvua. Ndani ya mita tatu lilikuwa limegeuka matonge manne ya udongo yanayozunguka pamoja. Handakini ikawa hivyo hivyo: mbegu zenye manyoya zilijaza nafasi kati ya meno, tairi likawa laini kama mkate. Maduhu alilitazama siku mbili. Siku ya tatu alikuja na tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande, akavivisha kwenye matairi ya mwanzo, yale membamba. Hakuna jino hata moja. Nikamwambia hilo haliwezi kushika. Akasema, "Injinia, baiskeli za Dutwa zinapita mbugani masika yote. Trekta ndilo linalolala." Lilishika. Bado linashika. Tyubu hubadilishwa ikianza kung'aa.

Manyoya ya mbegu hujizungusha kwenye ekseli, yakaingia kwenye beringi, yakazikausha. Dawa yake ni pete zilizokatwa kwenye kandambili, moja kila gurudumu. Hiyo nayo ni ya Maduhu. Shokabu zilipovuja nilijaza mafuta ya mbegu za pamba kwa kuwa yalikuwa karibu, na jambo hilo nalitaja ili msilirudie: yakipata joto yanakuwa maji, yakipoa siku mbili yanakuwa gundi. Tumieni mafuta yenyewe. Uzito wa mbele ni vipande vya risasi vya kubalansi matairi, nilivyopewa na fundi wa stendi, na vimebandikwa chini kwenye ekseli. Nilianza kwa kuviweka juu, gari likawa linapinduka kama mlevi.

Kwa hiyo utaratibu ukawa huu: asubuhi gari linaingia kwanza, na kamera, na kipimajoto, na kipima hewa kidogo. Mimi nasoma kwenye skrini. Pakiwa salama, Maduhu anaingia. Pasipokuwa salama, haingii mtu, feni inapuliza kutwa nzima. Na Mzee Nkwabi alitaka jambo moja la ziada. Gari nalo lifungwe kamba ile ile.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kitu ukikipeleka mahali ambapo huwezi kufika, kifunge. Nikamwambia hiyo ni methali, mimi naomba sababu. Akasema hiyo ndiyo sababu. Tulibishana hivyo msimu mzima, kwa adabu. Kamba ilinikera. Ilikwama kwenye kingo za mtaro, ililiburuza gari upande mmoja, ilimaliza betri mapema. Mwishowe nilichukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia pamba ya wakulima, nikapima nguvu ya gari likiwa na kamba na likiwa huru. Kamba ilikuwa inakula karibu nusu. Nikachora jedwali. Nikalipeleka kwa meneja, si kwa Mzee Nkwabi, na meneja akakubali. Mwanzoni mwa msimu wangu wa tatu kamba ilikunjwa ikapelekwa stoo. Maduhu naye alikuwa haingii tena mara kwa mara, kwa hiyo hakuna aliyeiulizia.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Mpaka leo ni sahihi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imewahi, na pamba ya mwisho ilikuwa imeletwa na unyevu. Ilikuwa mchana, saa saba kasoro. Nililipeleka gari ndani. Kufika hatua ya thelathini hivi kipimajoto kilikuwa juu, na kipima hewa kikaniambia kwamba hewa ya kule si ya binadamu. Sikumwambia mtu. Niliwaza, nani ataingia? Nikaliendesha mbele kidogo kuona chanzo. Mbegu zikaporomoka kutoka tundu la juu, zikalifunika hadi kwenye magurudumu. Likajikwamua nusu, likakaa kiubavu nyuma ya nguzo. Picha ikakatika. Zege lile lina nondo nyingi, na mawimbi hayapiti vizuri.

Maduhu alikuwa amesimama karibu nami. Aliniuliza kama mota bado inazunguka. Nikasema sijui, huenda inasukuma mahali ilipokwama. Akauliza, "Na betri?" Nikamjibu haraka kwamba hilo ndilo linalonisumbua, kisha nikakimbilia ofisini kuchukua antena ndefu. Skrini niliondoka nayo mkononi.

Hapa lazima niseme kitu ambacho hakimo kwenye ripoti yoyote. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, mimi ndiye niliyewakusanya watu wa ghala nikawafundisha kuhusu betri za lithiamu. Niliwaambia betri ya aina hii ikizidiwa inaweza kuwaka yenyewe, na moto wake hauzimwi kwa maji. Wote walisikiliza. Maduhu alisikiliza kuliko wote. Kwa hiyo alijua kwamba chini ya mlima wa mbegu kuna kitu kinachoweza kuwaka. Asichojua ni hali ya hewa mle ndani, kwa sababu hiyo ilikuwa kwenye skrini, na skrini nilikuwa nayo mimi.

Niliporudi nilikuta gambuti zake mlangoni mwa handaki. Ya kulia kulia, ya kushoto kushoto.

Niliita. Hakuitika. Nikaunganisha antena, na picha ikarudi, si kwa sababu ya antena bali kwa sababu alikuwa amelichomoa gari nyuma ya nguzo. Niliona vidole vyake. Niliona dari, kisha uso wake karibu sana, una jasho, umetulia. Alikuwa analigeuza lielekee mlangoni. Aliliweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha kamera ikaonyesha handaki lote mbele, na mwanga wa mlango mdogo mwisho kabisa, na hakuna kilichosogea tena.

Nikasukuma rimoti, gari likaanza kuja. Lilikuja hatua thelathini zote, likatoka kwenye mwanga, likasimama miguuni pangu, zima kabisa, na halikuweza kumvuta mtu.

Mzee Nkwabi alifika akitembea, hakukimbia. Aliamuru feni iwashwe na mlango wa upande wa pili ufunguliwe. Kijana mmoja akaanza kuvua shati aingie. Mzee akamshika kifuani. "Bila kamba haingii mtu. Mkifuatana mtanipa maiti wawili."

Kamba ilikuwa stoo. Mtunza stoo alikuwa amekwenda kula. Walivunja kufuli kwa nondo. Sijui ilichukua muda gani. Mimi ninayepima kila kitu sikupima muda huo, na namshukuru Mungu kwamba sikupima.

Aliyeingia ni Mzee Nkwabi mwenyewe, akiwa na miaka karibu sitini, kitambaa chenye maji mdomoni. Ncha ya kamba alinipa mimi. Hakuniuliza kama naweza, wala hakusema neno lolote juu ya jedwali langu, wakati ule wala baadaye. Alisema, "Shika, mayu. Ikinyamaza, vuta." Nilihisi kamba ikienda, ikasimama, ikaenda. Nilijua alipofika kwenye nguzo kwa sababu ilipinda. Kisha ikanyamaza. Nikaanza kuvuta kabla sijamaliza kuwaza, wenzangu wakashika nyuma yangu. Ilikuwa nzito kuliko mtu mmoja. Alikuwa amemfunga Maduhu kifuani kwa ncha iliyobaki, kwa fundo lile la ndama, na wakatoka wote wawili wakiburuzwa kama magunia.

Mzee alikohoa wiki mbili. Maduhu alizinduka hospitalini siku ya pili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mke wake, ambaye alikuwa hajaniuliza chochote tangu jana yake, na ningependa angeniuliza. Maduhu alifungua macho, akatutazama kwa zamu, kisha akasema polepole, "Gari limetoka?"

Nikamwambia limetoka. Uliligeuza mwenyewe, likatoka.

Alirudi kazini baada ya miezi mitano, lakini si Maduhu yule. Mikono inatetemeka. Maneno yanamfikia kwa kuchelewa. Mambo ya zamani anayakumbuka yote, hata majina ya ng'ombe wa babu yake, ila mambo ya karibu hayakai. Jineri ilimpa kazi ya kukaa mlangoni mwa handaki, na hiyo ndiyo kazi yake hadi leo. Na kila gari linapotoka, kila siku, kwa miaka minne, ananiuliza swali lile lile kama linaulizwa mara ya kwanza. Mwanzoni nilijibu huku nikitazama pembeni. Kuna siku nilijibu kwa hasira, nikajichukia. Baadaye nilijifunza kulijibu lilivyo, maana ni swali la haki na lina jibu.

Kamba ilirudi wiki ya tukio. Niliirudisha mwenyewe. Kisha nilifanya ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo badala ya kuchora jedwali: niliitengenezea njia. Mtaona nyuma ya gari kuna kipande cha bomba la plastiki kilichoinuliwa kidogo. Kamba inapita pale, inakaa juu ya kingo za mtaro badala ya kuburuzwa chini. Niliipaka nta. Nikaongeza gia ya nguvu na risasi mbili nyuma. Sasa inakula nguvu kidogo sana, na gari likikwama linavutwa, hakuna anayelifuata. Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Siku nne ndizo zilizokuwa kati ya ubishi wangu na ubishi wa Mzee Nkwabi, na hakuna kati yetu aliyezitafuta.

Wengi wanadhani tukio lile liliniponya ugonjwa wa kuuliza. Halikuniponya. Bado naamini kwamba "ndivyo tunavyofanya" si sababu, na nyie mkiambiwa hivyo ulizeni tena. Makosa yangu hayakuwa kuuliza. Nilipoona mzee hana jibu la maneno, niliamua kwamba hana jibu. Jibu lake lilikuwa kwenye mikono, alikuwa amelishika miaka mingi, na mimi nililipeleka stoo.

Wiki iliyopita tulijaza fomu ya makabidhiano. Karani alikuwa ameorodhesha gari, rimoti, betri nne, chaja, kamera, vipimo, spea. Nilimwambia aongeze kamba. Akasema kamba si kifaa cha kielektroniki. Nikamwambia aiweke namba moja au asubiri nistaafu tena. Ameiweka. Aliyeipokea na kusaini ni Maduhu, kwa mwandiko unaopanda na kushuka.

Kisha tulikwenda handakini mara ya mwisho. Mzee Nkwabi alikuja kututazama, akatusalimia mmoja mmoja, akasikiliza tunavyojibu. Maduhu alilifunga gari. Mikono yake ilitetemeka mpaka ilipogusa kamba, na hapo haikutetemeka. Nilimpa Kwandu rimoti, nikasimama nyuma. Gari liliingia, likafika mwisho, likarudi polepole na vumbi lake. Maduhu aliinuka kwenye kiti chake, akanitazama.

"Mayu, gari limetoka?"

Nilifungua mdomo, lakini Kwandu alikuwa ameshachuchumaa. Aliliinua gari kwa mikono miwili, akampelekea karibu ili alione, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya fundo.

"Limetoka, baba," alisema. "Na limefungwa."